Vitanda Vilivyokuwa Njiani

Siku ya mwisho ya mwaka wa fedha, ofisi za serikali hupatwa na homa. Watu ambao mwaka mzima walitembea polepole kama wanaosindikiza mgeni, siku hiyo utawaona wanakimbizana kwenye korido, mafaili kwapani, simu sikioni, jasho likiwachuruzika. Pesa ambayo haijatumika hadi jioni inarudi hazina, na ikisharudi, kuiona tena ni majaliwa. Basi kila kilichosinzia miezi yote huamshwa kwa mkupuo, na hapo ndipo watu wazima na akili zao hufanya mambo ambayo siku nyingine wangeyakemea.

Homa hiyo iliingia wodi ya wazazi mchana, ikiwa imevaa tai. Aliyeileta alikuwa afisa ugavi wa hospitali, kijana mtanashati, viatu vinang'aa, mwenye kazi ya kuitisha zabuni na kununua kila kitu kuanzia sindano hadi magodoro. Kwa wengine wote alikuwa Afisa. Kwa mkuu wa wodi ile, muuguzi wa makamo ambaye hospitali nzima ilimwita Sista, alikuwa Kitinda, mdogo wake wa tumbo moja, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki na kumwacha kwenye nepi. Baba zao walikuwa tofauti, hivyo hata ubini ulikuwa tofauti, na pale kazini waliojua undugu wao walihesabika. Kitinda ndiye aliyetaka iwe hivyo. "Kazini tuheshimiane tu, Dada," alimwambia alipohamia. "Watu wana maneno." Sista aliona ni busara, akanyamaza.

Mchana huo Kitinda alimkuta anapanga watu. Wodi ilikuwa imefurika. Akina mama walilala wawili wawili kitandani, mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule, na vichanga vimebanwa katikati. Waliokosa hata nafasi hiyo walitandikiwa shuka sakafuni.

"Dada, nisainie hapa haraka," Kitinda alisema kwa sauti ya chini.

"Nini hiki?"

"Vitanda vyako. Ishirini. Vile vya kunyanyuka upande wa kichwa."

Sista aliacha shuka aliyokuwa akiikunja. "Vimefika?"

"Viko njiani. Lori limekufa gia huko, fundi yuko chini yake, keshokutwa linaingia. Lakini malipo lazima yapite leo. Kamati isiposaini kwamba vimepokelewa, hela inarudi, na mama zako hawa wataendelea kulala hivihivi mwaka mwingine."

Kamati yenyewe ilikuwa ya watu watatu: mhasibu msaidizi, fundi wa vifaa vya hospitali na Sista, aliyewekwa kwa niaba ya wodi. Kazi yao ilikuwa moja na haikuhitaji shahada. Mali ikija, waifungue, waihesabu, waijaribu, wailinganishe na kilichoagizwa, kisha ndipo wasaini. Jina la Sista lilipendekezwa na Kitinda, na Sista alilipokea kwa fahari, maana alijua kazi hiyo. Wanafunzi wa uuguzi aliwafundisha jambo hilohilo kila dawa zilipoingia: ona kwanza, hesabu, ndipo uweke mkono. Siwezi kumtetea kwamba hakujua. Alijua kuliko wote.

"Hao wenzangu wamesaini?"

"Wanakusubiri wewe. Wamesema Sista akisaini, na wao wanasaini."

Sista alitazama sakafuni. Binti mmoja, mzazi wa mara ya kwanza, alikuwa amejikunja ukutani juu ya shuka, mtoto wake kamfunika kwa mkono, ili anayepita asimkanyage. Alikuwa amemwomba Sista kitanda tangu asubuhi, kwa adabu, na tangu asubuhi Sista alikuwa anamwambia ngoja kidogo.

"Kitinda, usiniingize kwenye matatizo."

"Dada. Mimi nikuingize wewe kwenye matatizo?"

Aliuliza hivyo huku anatabasamu, na kweli alifanana sana na marehemu mama yao alipotabasamu. Sista alisaini.

* * *

Nyumba yao ilikuwa ya watumishi, vyumba viwili na kibaraza, nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali. Ilikuwa mali ya mwajiri. Siku kazi itakapoisha, na nyumba imeisha, jambo ambalo Sista na mumewe walilijua na kulipangia: alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu, na mafao yake yangejenga kibanda chao wenyewe. Kiwanja kilikuwepo. Hata mahali pa mlango walishapagombania.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, na mkewe alimwita Fundi hata walipokuwa wanapendana. Jioni ile alikuwa kibarazani, ameigeuza baiskeli ya mtu miguu juu, anakaza nyaya za ringi. Sista alimweleza habari ya vitanda huku anamenya viazi, akiieleza kama habari njema.

"Umeviona?" Fundi aliuliza.

"Nimekwambia viko njiani."

"Sawa. Mimi mtu akija hapa akaniambia, Fundi, nilipe, baiskeli yako iko njiani, unafikiri nitamlipa?"

"Huyo mtu si Kitinda."

"Angekuwa Kitinda ningemwomba na amana."

"Wewe toka zamani humpendi mdogo wangu."

"Nampenda. Ila nampenda nikiwa nimekaa mbali kidogo." Alizungusha ringi, akaisikiliza. "Mama wee, saini si salamu. Huwezi kumpa kila anayekupungia mkono."

Sista alimwambia amenye viazi vyake mwenyewe, akaingia ndani. Ugomvi wao haukupita hapo, kwani walikuwa watu wa kugombana na kusahau. Lakini usiku alipolala alijikuta akilifikiria lile lori lililokufa gia, na akashangaa kwamba hakuuliza limefia wapi.

* * *

Keshokutwa ilipita, ikapita na wiki. Kila Sista alipouliza, jibu lilikuwa lilelile, viko njiani, na njia yenyewe ilizidi kurefuka. Mara lori limepona gia likavunjika chasisi. Mara dereva kafiwa. Wauguzi wadogo wakaligeuza neno hilo utani. Chai ikichelewa, iko njiani. Mshahara ukichelewa, uko njiani. Sista alicheka nao mwanzoni, kisha akaacha kucheka, na wao wakajifunza kunyamaza akiingia.

Hatimaye lori likaja. Sista alishuka ngazi mbiombio kama msichana. Walipofungua turubai, ndani kulikuwa na vitanda tisa vya chuma, vyembamba, vya aina ile inayowekwa kwenye mabweni ya shule. Havikunyanyuka kichwani wala miguuni. Vilipakwa rangi nyeupe juu ya kutu, na rangi ilikuwa mbichi bado. Sista alipoweka kiganja kwenye fremu kuijaribu, kitanda kiliyumba, na kiganja kikatoka cheupe.

"Virudisheni," alisema.

Mtunza stoo, mzee mpole ambaye hakuwahi kugombana na mtu, alijikuna kisogo. "Tatizo, Sista, kwangu mimi vitanda ishirini vya kisasa vilishaingia. Vimeshalipiwa na wewe umesaini vimeingia. Hivi tisa sijui nivipokee kama nini. Wageni?"

Makuli walicheka. Sista alikwenda vilevile, na rangi mkononi, hadi jengo la utawala.

Kitinda alimkalisha kwenye benchi la nje pamoja na wafanyabiashara waliokuja kuulizia malipo yao. Alimwita mmoja baada ya mwingine na kumruka yeye. Alipomfungulia mlango, alisema kwa sauti ya kusikika, "Karibu, Sista, samahani kwa kukuweka." Mlango ulipofungwa ndipo alipokuwa Dada tena.

"Dada, ungenipigia tu simu. Kuja hapa watu wanaona."

"Waone. Vitanda vyangu viko wapi?"

Kitinda alizunguka meza, akakaa ukingoni mwake. Alianza kueleza mambo ya bei kupanda na bandari kuchelewa, Sista akamkatiza kwamba hakuuliza habari za bandari. Ndipo akashusha pumzi.

"Yule mzabuni hana vitanda, Dada. Hajawahi kuwa navyo. Ni mtu wa wakubwa. Mimi niliambiwa nipitishe, nikapitisha."

"Ulijua siku ile? Siku uliyokuja wodini, ulijua?"

"Nilijua vitachelewa."

"Nakuuliza ulijua?"

Kitinda alitazama mlango. "Nilijua."

Sista alitafuta kiti. Kitu kilichomuuma wakati ule hakikuwa pesa za serikali. Ni kwamba alimkumbuka akiwa amesimama kati ya wale wazazi waliolala sakafuni, akiwaonyesha kwa kidole, akisema mama zako hawa. Alikuwa amewatumia wagonjwa kumlainisha, kama mtu anavyomwonyesha mbuzi majani.

"Na wewe ulipata nini?"

"Kidogo tu, Dada. Wakubwa ndio waliokula. Mimi nilipewa kidogo, nikamalizia bati za nyumba." Alishuka mezani, akachuchumaa mbele yake kama alivyofanya utotoni alipotaka hela ya daftari. "Sikiliza. Vipokee hivyo tisa, vingine nitambana avilete kidogokidogo. Usipige kelele. Ukipiga kelele, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Saini ni yako."

Maneno ya mwisho aliyasema kwa upole, na ule upole ndio uliomtisha Sista.

* * *

Hakuvipokea. Aliandika barua kwa mganga mkuu kwamba alisaini mali ambayo hakuiona na kwamba iliyoletwa siyo. Barua haikujibiwa. Miezi ikapita, wakaguzi wakaja na maswali, na maswali yakaamsha barua nyingine, hii ikiwa inaelekezwa kwake: ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi na mafao yake yasizuiliwe kufidia hasara. Mhasibu msaidizi na fundi wa vifaa walishajieleza. Wote wawili waliandika kwamba walimwamini Sista. Afisa ugavi naye aliandika kwamba ofisi yake hulipa kwa kutegemea neno la kamati, na neno la kamati lilikuwa wazi.

Jumapili hiyo mama mdogo akaitisha kikao nyumbani kwake. Alikuwa ndugu pekee wa mama yao aliyebaki, mwanamke mwenye sauti ndogo na amri kubwa, na ukoo mzima ulimsikiliza. Kitinda alikuwepo, amevaa kaptura na kandambili, akimpakata mwanawe mdogo. Sista alikwenda na Fundi, moyo umemlainika kidogo. Alidhani wameitwa ili Kitinda amwombe radhi.

"Mwanangu," mama mdogo alianza, "maji yameshamwagika. Sasa tutazame nani ataumia kidogo."

Sista hakuelewa.

"Wewe umekula chumvi kazini. Kustaafu kwenyewe ni kesho. Watoto wako wameshajitegemea, na una mume. Huyu mwenzio ndiyo kwanza anaanza, ana watoto wa kusomesha, na mimi dawa zangu za presha analipia nani? Ukoo huu unamtegemea yeye."

"Mama mdogo, unaniambia nini?"

"Sema ulivipokea ukavihesabu vibaya. Sema ulikuwa umechoka, zamu ilikuwa ndefu. Watakuonea huruma. Wewe watu wanakuheshimu."

"Hawatanionea huruma, watanifukuza. Watanitoa kwenye nyumba. Mafao yangu watayachukua yote."

"Kitinda atakusaidia, atakuwa anakupa chochote kila mwezi. Si ndiyo, baba?"

Kitinda alikuwa anamfunga mwanawe kamba za viatu. "Siwezi kumwacha Dada," alisema bila kuinua kichwa.

Fundi alisimama. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alisema machache. "Mimi nilioa humu nikadhani nimeoa kwa watu," alisema, akachukua kofia yake. Mama mdogo alimwambia mambo ya damu hayamhusu. Sista alimfuata mumewe hadi nje, na nyuma yake hakuna aliyemwita arudi. Njiani alilia kwa hasira, akisema Kitinda alibanwa tu, mbele ya wazee angesemaje, kikao cha uchunguzi kikija atasema ukweli. Fundi alimshika mkono.

* * *

Kamati ya uchunguzi ilitoka makao makuu. Ilikaa katika ukumbi wa mikutano, meza imetandikwa kitambaa cha kijani, chupa za maji zimepangwa mstari. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye miwani, msemaji wa polepole, na alionekana mtu wa haki. Kwa kuwa maelezo ya Sista na ya afisa ugavi yalipingana, aliwaita pamoja. Fundi aliachwa nje kwenye benchi.

Sista alianza na kosa lake. "Nilisaini vitanda ambavyo sikuviona. Nilikuwa najua sipaswi. Hilo liandikeni, ni langu." Kisha akaeleza siku ile ilivyokuwa, lori lililokufa gia na tai iliyoingia wodini, na maneno aliyoambiwa ofisini mlango ulipofungwa. "Nilimwamini kwa sababu ni mdogo wangu," alimaliza.

Kalamu zikasimama. Mwenyekiti alivua miwani. "Mdogo wako kivipi? Kwa kazi, au kwa kuzaliwa?"

"Kwa kuzaliwa. Tumbo moja."

"Afisa, hili ni jambo kubwa. Wewe ndiye uliyempendekeza kwenye kamati ya mapokezi, na kwenye fomu yako ulitamka kwamba huna undugu na mjumbe yeyote. Kama ni dada yako, basi mapokezi yote yalikuwa batili tangu mwanzo na wewe ndiye wa kujibu. Je, una undugu na huyu mama?"

Sista aligeuka kumtazama. Alimwonea hata huruma, kwa jinsi alivyokuwa amebanwa, na akajiandaa kumsamehe.

"Hapana," Kitinda alisema. "Namheshimu kama mtumishi mwenzangu. Umri wake ni wa dada, kwa hiyo huwa namwita Dada. Labda ndiyo maana amechanganya."

"Nimechanganya nini?" Sista aliuliza. Alimuuliza yeye, siyo kamati. "Kitinda, nimechanganya nini?"

"Mama, ongea na meza," mwenyekiti alisema.

"Ana kovu chini ya bega la kushoto. Uji ulimmwagikia, nilikuwa nampikia mimi. Mwambieni avue shati."

Mjumbe mmoja aliziba mdomo ili asicheke. Mwenyekiti akasema hawawezi kumvua mtumishi shati, na kwamba majina ya baba hayalingani, na kwamba katika mafaili yote mawili sehemu ya ndugu wa karibu hawakutajana. Hilo lilikuwa kweli. Sista alimwandika mumewe, na Kitinda akamwandika mkewe. Kama kuna mtu wa kuthibitisha, aitwe. Mume hafai, maana mume ni upande wake.

"Yupo mama yetu mdogo," Sista alisema. "Ndiye aliyemzika mama yetu. Ana mengi, lakini hawezi kukana damu."

Aliruhusiwa kupiga, na kuweka sauti kubwa. Simu iliita muda mrefu. Upande wa pili redio ilisikika, kisha ikapunguzwa.

"Mama mdogo, ni mimi. Niko mbele ya kamati. Wanakuuliza jambo moja tu. Kitinda ni nani kwangu?"

"Nani na nani wapo hapo?"

"Kamati. Na yeye mwenyewe."

Mwenyekiti akaikaribia simu. "Shikamoo mama. Usiwe na wasiwasi. Huyu muuguzi unamfahamu?"

"Marahaba. Huyo ni mtoto wa marehemu dada yangu."

"Na huyu afisa?" Mwenyekiti akalitaja jina la Kitinda, lote, la kwake na la baba yake.

Redio iliendelea kunong'ona huko nyuma. Sista aliinamia simu kana kwamba ingemsikia vizuri zaidi akiwa karibu. "Mama mdogo," alisema taratibu. "Sema tu."

"Huyo simfahamu," mama mdogo alisema. "Mnisamehe, mimi ni mgonjwa wa presha." Akakata.

Kitinda alikuwa ametazama dirishani. Hakuonekana kushtuka wala kushukuru, na hapo Sista akajua kwamba walikwisha kukubaliana, kwamba hata hilo la simu walilifikiria, kwamba walikaa mahali fulani wakanywa chai na kumjadili. Alisema tu kwamba hana la kuongeza. Mwenyekiti alimtazama kwa muda, akaandika kwamba suala la undugu halikuthibitika, na nadhani mpaka leo hana hakika kama alichoandika kilikuwa kweli.

* * *

Alifukuzwa kazi. Mafao yakazuiliwa. Afisa ugavi alipewa onyo la maandishi kwa kutofuatilia kazi ya kamati, na mzabuni akaandikiwa barua ya kukumbushwa. Vitanda tisa vilibaki nyuma ya stoo, mvua ikavibandua rangi.

Walihamia chumba kimoja cha kupanga karibu na mashine ya kusaga, ambapo kila kitu, hadi nguo za ndani, kilipata vumbi la unga. Wauguzi wadogo walikuja kusaidia kubeba vyombo, wakabeba huku wanaona haya, kwa kuwa mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akiuliza kama hawa ndio wale wa vitanda. Kiwanja kiliuzwa. Sista akaanza kudunga watu sindano na kufunga vidonda nyumbani kwao, kwa malipo ya hiari, na hiari za watu zilikuwa ndogo. Habari za Kitinda hazikutajwa mle ndani. Fundi alijaribu mara moja kumtania kuhusu jambo hilo, akaona uso wake, akameza utani wake.

Asubuhi moja, Sista anachuja chai, simu ikaita. Alikuwa mama mdogo, sauti imechangamka kama vile walizungumza jana.

"Mwanangu, umesikia? Kitinda kapandishwa cheo. Mkuu wa ugavi wa mkoa mzima. Mtoto yule, aliyekuwa hawezi hata kufunga kifungo."

Sista aliendelea kumimina chai kikombeni.

"Tunamfanyia kikao kidogo Jumamosi cha kumpongeza. Wakubwa wake watakuja. Uje, uvae vizuri, ukae naye mbele. Wewe ndiye mkubwa wake, ukikosekana watu wa mtaani watauliza."

"Na hao wakubwa wake wakiuliza mimi ni nani?"

Mama mdogo alikohoa kidogo. "Tutasema ndugu. Ndugu ni neno pana."

"Waambieni mlichoiambia kamati, Mama mdogo."

"Usiwe hivyo. Tungewapoteza nyote wawili. Ilibidi tuokoe mmoja."

"Mmeokoa mmoja," Sista alisema. "Furahini."

Akakata simu, akairudia chai yake. Ilikuwa imeshafurika kikombe na kumwagika mezani, akawa anaifuta kwa upindo wa kanga, anafuta mahali palepale. Fundi aliingia kuchukua pampu, akamkuta analia, jambo ambalo hakulifanya siku ya kufukuzwa wala siku ya kuhama. Alimuuliza kama wamemtukana.

"Hapana," alisema. "Amepandishwa cheo."

"Sasa hilo ndilo la kuliza?"

Alijibu bila kumtazama. "Nilifurahi, Fundi. Aliposema tu, kabla sijakumbuka chochote, mimi nilifurahi."